Nusu Saa Yangu ya Maji

Baba alipofariki mwaka 2011 aliacha nyumba moja Maskati, gari kuukuu, shamba la Barka lililokwisha kufa, na saa moja na nusu ya maji. Hiyo saa moja na nusu iliandikwa kwenye daftari la kijiji chake, karibu na Ibra, Sharqiya ya Oman. Daftarini hamna lita wala kisima, mna jina la mtu na muda wake. Kadhi akagawa mirathi kama sharia inavyotaka: kaka yangu saa nzima, mimi nusu. Tangu hapo, kila baada ya siku 9, kwa dakika 30, maji yote yanayopita kwenye mfereji wa kijiji kile ni yangu. Dakika zikimalizika si yangu tena, hata kama jaruba la mwisho limebaki kavu.

Najua wengi mnaonisoma mko Unguja, Pemba, Mombasa, Dar es Salaam, na swali lenu ni lile lile alilonitumia binti wa shangazi yangu wa Wete: mtu anarithi vipi muda? Nimeahidi kumjibu siku nyingi. Lakini siwezi kuieleza nusu saa yangu bila kuanza na lile shamba la Barka, kwa sababu baba alikuwa na maji ya aina mbili, na aina moja aliyaona yakifa mbele ya macho yake.

Tulihamia Oman mwaka 1975, nikiwa na miaka 9, katika wimbi la watu wa Zanzibar waliorudi kwa wazee wao baada ya Sultan Qaboos kushika nchi. Baba akapata kazi, akaweka akiba, na akiba yote akaitia kwenye ardhi ya Barka, ukanda wa Batina, mwendo mfupi kutoka baharini. Batina ni tambarare, udongo wake mzuri, na maji enzi hizo yalikuwa karibu. Wazee wa zamani waliyavuta kwa ng'ombe. Ng'ombe anateremka kwenye njia ya mteremko akivuta kamba, kamba inapita juu ya gurudumu la mti, kiriba kinapanda kutoka kisimani na kumwaga. Gurudumu lilikuwa likilia kwa sauti ya kusikika mbali, mtu akajua fulani leo anamwagilia. Jua likipanda ng'ombe anachoka, mchungaji anachoka, kisima kinaachwa kipumzike. Mimi naamini kuchoka kule ndiko kulikokuwa kukikilinda kisima.

Baba alinunua pampu ya dizeli. Nakumbuka siku ilipofungwa: bomba pana kama paja la mtu mzima, maji yanaruka meupe ndani ya birika la saruji, sisi watoto tumo ndani na nguo zetu. Mama alisimama pembeni akilia kwa furaha. Alikuwa ameikumbuka chemchemi ya Bububu, kule Unguja. Baba akapanda ndimu, migomba, na jani la mifugo wanaloliita gati, ambalo linakatwa na kuota tena mwaka mzima na linakunywa maji kama ngamia aliyetoka safari. Jirani wa kulia akafunga pampu. Wa kushoto akafunga kubwa zaidi. Hakuna aliyemwibia mwenzake. Kila mmoja alikuwa akivuta kilicho chini ya kiwanja chake mwenyewe, au ndivyo tulivyodhani.

Chini ya ardhi ya pwani maji baridi na maji ya bahari yanasukumana usiku na mchana. Maji ya mvua iliyonyesha milimani yanateremka polepole chini kwa chini, na uzito wake ndio unaoizuia bahari. Yakipungua, bahari inaingia. Watu wa Paje na Jambiani hawahitaji kufundishwa hili, visima vyao vya mawe vinawaambia. Lakini Unguja hupata mvua zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Oman nzima, kwa wastani, hupata karibu milimita 100, na haina hata mto mmoja unaotiririka mwaka mzima. Kila ndoo tuliyoivuta Barka bila kipimo, nafasi yake ilichukuliwa na bahari.

Migomba ndiyo iliyotangulia. Kingo za majani ziliungua rangi ya kahawia, kama mtu aliyezipitisha kwenye moto. Ndimu zikafuata, zikapukutisha majani msimu ambao si wake. Baba alikuwa na desturi moja asubuhi: anakwenda kwenye mdomo wa bomba, anakinga maji kwa kiganja, anayaonja, kisha anasimama kimya. Mwanzoni alikuwa akisema, "Yana ladha kidogo." Baadaye hakusema kitu. Akaongeza kina cha kisima, na kina kikamletea chumvi zaidi. Mitende ilivumilia, maana mtende huvumilia mengi, lakini tende zikawa ndogo, ngumu, hazina utamu. Katikati ya miaka ya 1990 akaizima pampu. Ukipita leo utaona mashina yamesimama bila vichwa, na juu ya ardhi utando mweupe unaovunjika chini ya kiatu.

Simlaumu baba. Alikuwa mchapakazi, na kila mtu aliyemzunguka alimwambia kwamba hayo ndiyo maendeleo.

Sasa nije kwenye yale maji mengine.

Kwa Kiarabu mfereji wa aina ile huitwa falaji, na wingi wake aflaji. (Unguja mfereji ni bomba la nyumbani, "mfereji hautoi" maana yake hamna maji tangu asubuhi. Hapa nasema mfereji kwa maana ya njia ya maji.) Iko inayotoka kwenye chemchemi, iko inayochukua maji ya juu ya bonde, lakini iliyo maarufu, na ndiyo ya kwetu, ni handaki. Mafundi wa zamani walichimba kisima mama chini ya mlima, wakayakuta maji, kisha wakachonga njia ya chini kwa chini yenye mteremko mdogo mno, kilomita baada ya kilomita, mpaka maji yakatokea juu ya ardhi yenyewe pale penye kijiji. Hakuna mashine, hakuna ng'ombe. Katika hesabu iliyofanywa nchi nzima mwishoni mwa miaka ya 1990 ilionekana mifereji zaidi ya 4,000, na karibu 3,000 ilikuwa bado inatiririka. Mitano, ukiwemo Falaji Daris wa Nizwa na Falaji Al-Khatmeen wa Birkat al-Mawz, iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006.

Mfereji huu hauvuti maji. Unapokea. Mlimani kukiwa na mvua, unajaa. Ukame ukija, unapungua, na unapungua kwa wote kwa pamoja. Nusu saa yangu inabaki nusu saa, ila ndani yake mna maji kidogo, na nusu saa ya tajiri wa kijiji vile vile. Hakuna mtu anayeweza kuamka usiku na kuuambia mfereji uongeze.

Maji yakifika kijijini yana mpangilio wake. Pa mwanzo kabisa ni pa kuchota ya kunywa, na hapo huruhusiwi kutia hata mkono mchafu. Chini yake ni msikitini kwa udhu, kisha pa kuogea wanaume, kisha pa wanawake pamefunikwa, na baada ya hapo ndipo yanapoingia mashambani. Mashambani nako kuna aliyetangulia: mitende. Chini ya mitende kuna ndimu, miembe, mikomamanga, na chini kabisa vitunguu thomu na gati, ghorofa tatu za kijani zinazokula kivuli kimoja. (Tunda letu komamanga linabeba jina la Manga, yaani Arabuni huku. Nilipoyaona yakining'inia kwenye milima ya Jabal Akhdar nilihisi kama jina limekutana na mwenyewe.) Mwisho wa mfereji kuna viwanja vya mazao ya msimu. Mwaka wa ukame viwanja vile vinaachwa vitupu, havipandwi kitu, ili mitende inywe. Kijiji kinajua tangu awali nini kitakatwa kwanza, kwa hiyo mwaka mbaya ukija hakuna mkutano wa kugombana.

Kipimo cha zamu kinaitwa athari. Ndiyo, neno lile lile tunalolitumia kwa alama anayoiacha mtu nyuma yake. Athari moja ni nusu saa, kwa hiyo mimi nina athari moja. Maneno yote ya kazi ile niliyakuta ninayo mdomoni tangu Zanzibar: mfereji una wakili anayeusimamia, una daftari, una dalali anayenadi maji, una zamu za wakfu kwa ajili ya msikiti. Hata vijishamba vilivyozungushiwa kingo za udongo wanaviita jilba. Mara ya kwanza kulisikia neno hilo niliona mbele yangu majaruba ya mpunga ya Cheju, Unguja.

Mnada unanivutia kuliko yote. Sehemu ya zamu haina mwenyewe, ni mali ya mfereji. Dalali huzinadi, asiye na maji ya kutosha hukodi, na fedha inayopatikana inalipia matengenezo: handaki likiporomoka, mchanga ukijaa, mizizi ikipenya. Mfereji unajilipia fundi wake mwenyewe. Kiangazi kikikaza bei hupanda, na hapo mtu hufikiri mara mbili kama vitunguu vyake vinastahili.

Zamani mchana walihesabu kwa kivuli cha mti uliosimamishwa uwanjani, na usiku kwa nyota. Mojawapo ni Thuraya, ambayo sisi tunaiita Kilimia. Wazee wetu wa pwani wakisema, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua," walikuwa wakulima wanaosoma anga lile lile. Ami yangu, mdogo wake baba, aliyekaa Pemba miaka mingi na Kiswahili chake kikabaki cha Wete mpaka leo, ni katika wachache pale kijijini wanaozijua nyota za maji kwa majina. Vijana wanatumia simu.

Kuna jambo la historia ambalo halinipi raha kuliandika, lakini nikiliacha nitakuwa nimepaka rangi. Imamu Seif bin Sultan wa ukoo wa Yaaruba, ambaye zama zake majeshi ya Oman yaliwatoa Wareno Ngome ya Mombasa mwaka 1698, anatajwa na waandishi wa tarehe wa Oman kuwa alifufua mifereji 17 na kupanda mitende na minazi kwa maelfu huko Batina. Wakampa lakabu ya Qaid al-Ardh, yaani Pingu ya Ardhi. Waandishi hao hao wanataja watumwa wake kwa mamia. Na karne ya 19, tende za fardhi za Oman zilipokuwa zikipelekwa mpaka New York, mitende ya Batina ilimwagiliwa na watu wengi waliotekwa bara letu na kupitishwa pwani yetu. Gurudumu lile la kisimani nililolisifia hapo juu, mara nyingi aliyekuwa akilifanyisha kazi tangu alfajiri ni mtu asiye na zamu wala jina daftarini. Nikifungua daftari la kijiji nayatafuta majina hayo kwa macho. Hayamo.

Nirudi kwa pampu. Serikali iliona hatari. Mwaka 1988 ilitangazwa kuwa maji ya chini ya ardhi ni mali ya taifa. Visima vikaanza kuandikishwa, na hesabu ya miaka ya 1990 ikapita 160,000. Kikapigwa marufuku kisima chochote kipya ndani ya kilomita tatu na nusu kutoka kisima mama cha mfereji. Mabwawa yakajengwa kwenye mabonde, kama lile la Al Khoud la mwaka 1985, ambayo kazi yake si kuhifadhi maji juu bali kuyatuliza yaache tope, kisha yaachiwe polepole yazame ardhini. Kwa sababu mvua ya huku ikija, inakuja kama ghadhabu. Mafuriko ya Aprili 2024 hapo Sharqiya kwetu yaliwachukua watoto wa skuli. Nchi yenye kiu ikazika watoto waliokufa maji.

Bado, kilimo kinakunywa zaidi ya asilimia 80 ya maji yote yanayotumika Oman. Sehemu kubwa ya maji ya majumbani mijini inatoka baharini, imesafishwa chumvi kwa gharama ya nishati nyingi, wakati maji baridi ya ardhini tunayapa majani. Na sasa imekuja pampu ya sola. Kila mtu ananipigia sifa zake: haina dizeli, haina moshi, haina bili. Hiyo haina bili ndiyo inayonikosesha usingizi. Ng'ombe alichoka, dizeli iliuma mfukoni. Jua la Oman halichoki wala halidai.

Kaka yangu na mimi tulivutana sana juu ya hili. Miaka sita iliyopita alitaka kuchimba kisima kwenye shamba la kijijini, nje ya mpaka uliokatazwa, afunge sola, alime tomato na matango. Nilimwambia, "Kaka, wewe ulikuwa ukioga kwenye birika la Barka kama mimi." Tulikaa miezi bila kuzungumza vizuri. Ami ndiye aliyetupatanisha. Alimwita akamwambia, "Mwanangu, fanya lolote utakalo na maji yako. Lakini yawe yako."

Kaka akalifikiri neno lile, na alichokifanya kimenifundisha. Alijenga tangi la saruji mwanzo wa shamba. Zamu yake ikifika, saa nzima ya maji inaingia tangini badala ya kuingia kwenye majaruba. Kisha kwa siku 9 zinazofuata anayatoa kidogo kidogo, kwa pampu ndogo ya sola, yanapita kwenye mipira yenye vitundu na kudondoka kwenye shina la kila mche. Vitunguu thomu vyake ni vinene, anaviuza Ibra kwenye soko la wanawake la Jumatano kupitia mke wake. Jua lile lile, pampu ile ile niliyokuwa nikiiogopa. Ila tangi likiisha limeisha, mpaka zamu nyingine.

Wataalamu wakija kijijini huipiga picha ile mipira. Ningependa walipige picha daftari. Mipira ya matone nimeiona Batina pia: mtu anapunguza maji kwa kila mche, kisha kwa maji aliyookoa anaongeza ekari nyingine, na kisima kinashuka vile vile. Bila mahali palipoandikwa mwisho wako ni hapa, kila ufundi wa kuokoa maji unakuwa ufundi wa kulima zaidi. Nimesoma mipango ya visima vya hoteli za kule kwetu mashariki ya Unguja, nimewasikiliza jamaa zangu wakijivunia pampu mpya, na kila mara nauliza swali moja: zamu ya jirani iko wapi? Huwa wananiona napinga maendeleo. Mimi nimeona shamba la baba yangu likigeuka chumvi. Sina namna ya kuuliza kwa upole zaidi.

Mwezi uliopita zamu yangu iliangukia saa nane na nusu za usiku. Nilimchukua mjukuu wangu, ana miaka 9, tukatoka Maskati jioni. Tulimkuta ami kwenye kiti cha plastiki kando ya mfereji, shuka mabegani, fimbo mapajani.

"Shikamoo ami."

"Marhaba mwanangu. Huyu ndiye?"

Mtoto akambusu mkono. Akavua viatu akatia miguu mfereji­ni, na vile visamaki vidogo vinavyoishi humo vikaanza kumdonoa vidole, akawa anacheka huku ameziba mdomo ili asiwaamshe watu. Nilimpa simu ahesabu dakika. Ami hakuitazama. Alikuwa ameinua uso kuelekea mashariki, juu ya ukuta wa mlima.

"Bado," akasema.

"Imefika, babu," mtoto akasema akionesha kioo. "Saa nane na nusu kamili."

"Bado kidogo."

Tukangoja. Jirani aliyetutangulia, mzee mmoja tusiyejuana sana, naye alikuwa amesimama gizani na jembe lake, hakusema neno. Kisha ami akagonga ardhi kwa fimbo. Jirani akakitia kipande cha bati kilichoviringishwa matambara mdomoni mwa shamba lake, mimi nikavuta cha kwetu, na maji yakasita kidogo, yakageuka. Yaliingia jaruba la kwanza yakisukuma mbele yake majani makavu na povu, mbele ya mwanga wa tochi, hayana haraka. Mtoto aliyafuata kwa miguu hatua kwa hatua. Jaruba la kwanza likajaa, nikaliziba kwa jembe, nikafungua la pili. La tatu. Mtende mmoja wa khalasi aliopanda baba mwaka aliofunga shamba la Barka uko jaruba la nne. Maji yalipoufikia nilisimama nikaweka mkono kwenye gome lake.

Jaruba la sita lilikuwa nusu pale mtoto alipoita, "Bibi, dakika moja!"

Nilitamani kusema bado kidogo. Mwenye zamu inayofuata alikuwa ameshakuja, mwanamke wa rika langu, ameshika bati lake, anasubiri. Tukapeana salamu. Ami akagonga ardhi kwa fimbo.